Gitaa Linapovuma: Ethi ya Sauti na Ethi ya Uhai

Mvumo wa umeme una noti yake. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo unaotoka kwenye spika huwa wa hezi 50, au wa hezi 100 ambayo ni mara mbili yake, na juu ya hizo hupanda sauti nyembamba zaidi za mvumo huohuo. Bana freti ya tatu ya uzi mnene kuliko zote kwenye gitaa lililotuniwa: hiyo ni G, hezi 98. Ngurumo ikikaa juu kidogo tu ya noti hiyo, unasikiliza umeme wa ukutani. Spika ndogo hazina uwezo wa kutoa hezi 50 vizuri, ndiyo maana mara nyingi tunachosikia ni ile 100.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mwenye gitaa kavu lenye pikapu, yaani kile kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Ndani ya gitaa hilo kwa kawaida kuna betri ya volti 9, na umeme wa betri hauendi na kurudi; unakwenda upande mmoja tu. Betri haiwezi kuvuma. Ikichoka, sauti itapungua, itapasuka, hatimaye itakatika, lakini haitanguruma kwenye G. Kwa hiyo mvumo wowote unaousikia umetoka nje ya gitaa na umeingia mahali fulani njiani. Milango ni mitatu: hewani hadi kwenye pikapu, kwenye jeki (tundu la kuchomekea kebo) na kebo yenyewe, au kwenye nyaya za umeme zinazounganisha vyombo jukwaani. Ubishi mwingi kati ya mpiga gitaa na fundi mitambo hutokana na kila mmoja kushikilia mlango wake bila kuujaribu wa mwenzake.

Kabla ya kuanza, tenga mvumo na kelele nyingine. Sauti inayokua unapoisogelea spika na kunyamaza unapoweka kiganja juu ya nyuzi ni ya spika inayorudi kwenye mbao za gitaa. Dawa yake ni kubadili mahali pa kusimama na kushusha sauti. Mkwaruzo unaotokea plagi ikiguswa ni uchafu au kulegea. Ule mdundo wa tititi-tititi ni simu iliyo kwenye mtandao wa 2G. Itoe mfukoni uiweke mbali na gitaa. Tunachotafuta hapa ni ile sauti moja isiyobadilika, iwe unapiga au umekaa kimya.

Chuma kimoja, kazi mbili

Kinachowachanganya wengi ni ethi, na naamini ndicho chanzo cha ushauri mbaya kuliko wote unaotolewa jukwaani. Kwenye mfumo wa gitaa kuna ethi mbili zenye kazi tofauti kabisa, nazo zinakutana kwenye chuma kimoja.

Ya kwanza ni ethi ya sauti. Plagi ya gitaa ina ncha na shina. Ncha hubeba signali kutoka kwenye pikapu. Shina ni njia ya kurudia, na ndiyo sifuri inayotumika kuipima signali. Ndani ya kebo, shina limeungwa na suka la nyaya nyembamba linalouzunguka waya wa katikati kuanzia mwanzo hadi mwisho. Suka hilo ni ngao. Umeme unaoelea kutoka kwenye nyaya za ukutani na taa hulikuta suka kwanza, ukaishia kwenye sifuri bila kuigusa signali. Ngao ikikatika mahali popote, sehemu inayobaki haina tena wa kuilinda, na mvumo unaingia.

Ya pili ni ethi ya uhai. Huu ni ule waya wa kijani na njano unaotoka kwenye bati la amplifaya, ukapita kwenye pini ndefu ya plagi ya ukutani, ukaenda hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini nje ya jengo. Kazi yake haihusiani na muziki. Siku waya wa moto utakapolegea ndani ya amplifaya na kugusa bati, waya huo huupa umeme njia rahisi ya kukimbilia. Fyuzi inaungua au swichi ya usalama inajikata kabla mkono wako haujafika.

Ndani ya amplifaya nyingi ethi hizi mbili zimeungwa pamoja. Maana yake ni kwamba chuma cha jeki ya gitaa lako, kupitia kebo, kupitia bati la amplifaya, kupitia plagi ya ukutani, kimeungwa na ardhi ya nje. Gitaa halina waya wa umeme, lakini limo kwenye umeme wa jengo.

Sasa sikiliza ushauri unaotolewa kila wikendi kwenye kumbi za harusi na makanisani: “Kaka, kata tu hiyo ethi, mvumo unaisha.” Mara nyingi mvumo unaisha kweli, na hatari iko hapohapo, kwa sababu aliyeikata anaondoka akiamini ametibu. Mtu anayeimba huku akipiga gitaa ana mikono kwenye chombo kimoja na mdomo kwenye kingine. Vyombo hivyo vikiwa na tofauti ya volti, njia ya umeme inapita kifuani pake. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, Mei 1972, alipogusa maikrofoni isiyo na ethi salama. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alifia nyumbani Uingereza akipiga gitaa la umeme ambalo ethi yake haikuwa sawa. Hawa walikuwa wanamuziki wazoefu, si watu wasiojua vyombo vyao.

Plagi ya pini tatu tunayotumia Afrika Mashariki imesanifiwa kwa kulifikiria hilo. Pini ya ethi ni ndefu kuliko mbili nyingine ili iguse kwanza na iachie mwisho, na ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu ya moto na nyutro. Kuchomeka kalamu kwenye tundu la ethi ili plagi ya pini mbili iingie, jambo ambalo limezoeleka majumbani mwetu, ni kuuvunja ulinzi huo. Hatari nyingine imejificha kwenye ekstensheni za bei ya chini: zina matundu matatu, lakini ndani ya waya wake zimo nyaya mbili tu. Amplifaya yenye plagi kamili ikichomekwa humo haina ethi, na hakuna kinachoonekana kwa nje. Chomoa ekstensheni ukutani, weka mita kwenye kipimo cha omu, ncha moja kwenye pini ya ethi ya plagi na nyingine kwenye tundu la ethi. Isiposoma karibu na sifuri, itoe kazini.

Basi msimamo wangu ni huu, na maelezo yote yanayofuata yameegemea hapo: ethi ya sauti inaweza kutenganishwa mahali panapofaa kwa kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Ethi ya uhai haikatwi.

Anza mbali na gitaa

Utafutaji mzuri huanzia kwenye spika na kurudi nyuma kuelekea kwenye gitaa, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Chomoa kila kilichoingia kwenye amplifaya, iache imewashwa, pandisha sauti hadi kiwango unachotumia. Jeki ya kuingizia ikiwa tupu kwa kawaida hujifunga yenyewe kwenye sifuri, hivyo amplifaya inatakiwa kuwa karibu kimya. Ikinguruma hapo, gitaa halina kosa. Amplifaya ya zamani inayotoa hezi 100 ikiwa tupu mara nyingi ina kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) za kulainisha umeme zilizochoka. Hizo hubaki na chaji ya kuua hata baada ya plagi kutolewa ukutani, kwa hiyo usifungue, mpelekee fundi.

Kisha chomeka kebo peke yake, upande wa pili ukining'inia. Itanguruma, na ni kawaida, maana ncha iko wazi. Chomeka gitaa; ngurumo inapaswa kushuka mara moja na kwa kiasi kikubwa. Isiposhuka, badilisha kebo kabla ya kugusa kingine chochote. Kebo ndiyo inayokanyagwa, kukunjwa na kuvutwa kila siku, na ndiyo rahisi kuliko vyote kuibadilisha.

Kwenye kebo kuna mtego mmoja. Kebo ya spika na kebo ya gitaa zinaweza kuwa na plagi zilezile kabisa. Ukifungua plagi ya kebo ya gitaa utaona waya mmoja katikati na suka likiuzunguka. Ya spika ina nyaya mbili zinazolingana, zimelala sambamba, hakuna ngao. Inapitisha sauti, hivyo mtu huitumia miezi akiamini gitaa lake ni bovu. Kwa kebo ambayo plagi zake hazifunguki, mita inakuambia ikiwa nzima: ncha kwa ncha chini ya omu 1 au karibu na hapo, shina kwa shina vivyo hivyo, na kati ya ncha na shina kusiwe na njia yoyote. Itikise karibu na plagi ukiwa unapima, kwa sababu suka hukatikia hapo.

Sasa ije zamu ya nobu ya sauti iliyo kwenye gitaa. Ishushe hadi sifuri. Mvumo ukipotea nayo, unaingilia kabla ya nobu: kwenye pikapu au waya wake. Mvumo ukibaki vilevile, unaingilia baada ya nobu: kwenye jeki, kebo, au mitambo iliyo mbele. Jaribio hili la sekunde chache linaligawa tatizo katikati, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko kifaa chochote cha kununua.

Kama unaweza kuazima amplifaya ndogo ya betri, piga gitaa kupitia hiyo, mbali na nyaya za ukutani. Likitulia hapo na kunguruma kwenye mitambo ya ukumbi, elekeza macho kwenye umeme wa ukumbi kwanza.

Pikapu: mbili, kwa sababu mbili

Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, alinaswa kwa maikrofoni iliyowekwa mbele ya gitaa, na studio njia hiyo bado inaheshimika. Jukwaani, maikrofoni hunasa ngoma, besi na spika zenyewe, ndiyo maana gitaa kavu likawekewa pikapu. Aina mbili ndizo zinazotawala, na kila moja ina udhaifu wake mbele ya umeme.

Pikapu ya sumaku huwekwa kwenye tundu la sauti. Ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kando ya sumaku, na uzi wa chuma unapotikisika juu yake, umeme huzaliwa. Kwa bahati mbaya haibagui: uga wa sumaku wa transfoma ya amplifaya au wa choki ya taa ya tyubu nao huzalisha umeme humo. Dalili yake haifichiki. Geuka robo duara na gitaa lako. Mvumo ukipungua sana upande mmoja na kupanda upande mwingine, ni sumaku. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa koili moja uufute wa nyingine, na pikapu za tundu la sauti za muundo huo zipo madukani. Ukiwa na ya koili moja, kusogea mita mbili kutoka kwenye amplifaya kunasaidia kuliko kuzungushia utepe wa shaba, kwa sababu shaba haizuii uga wa sumaku wa hezi 50 kwa kiasi cha kutosha. Watu hutumia fedha nyingi kwenye utepe huo kwa tatizo ambalo hauliwezi.

Piezo ni jambo tofauti. Ni kipande cha kauri au plastiki maalumu kinachotoa umeme kikibanwa. Kwa kawaida ni kamba nyembamba iliyolala chini ya ule mfupa unaobeba nyuzi kwenye daraja, au ni vidonge vya mviringo vilivyogundishwa ndani chini ya daraja. Sumaku haiigusi. Udhaifu wake ni ukinzani mkubwa mno: kamba ya chini ya mfupa kwa umeme ni kapasita ndogo ya kama nanofaradi 1 au pungufu, na saketi yenye ukinzani wa namna hiyo hunasa umeme unaoelea hewani kwa urahisi. Mwili wako wenyewe, ukiwa umesimama karibu na nyaya za ukutani, unabeba volti kidogo za hezi 50. Unapoukaribisha mkono kwenye daraja ambalo piezo yake haina ngao nzuri, mwili ndio unaopeleka mvumo.

Hapa ndipo ethi ya sauti inapopata kazi yake kamili. Kamba za piezo nzuri huja zimezungushiwa suka au karatasi ya shaba, na ngao hiyo lazima ifike hadi sifuri ya priampu, kile kikuza-sauti kidogo kilicho ndani ya gitaa, bila kukatika. Fundi akifupisha mkia wa kamba hiyo ili uingie vizuri, akaacha ngao bila kuungwa, ametengeneza antena. Vivyo hivyo kwa vidonge. Wengi wetu hununua vile vidonge vya milimita 27 kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kujitengenezea pikapu. Vinafanya kazi nzuri kwa bei yake, ila vinahitaji mambo matatu. Kwanza, lile bamba kubwa la rangi ya dhahabu ndilo liungwe na shina, na kitovu cheupe kiungwe na ncha. Ukigeuza, uso mpana wote unakuwa mpokezi wa mvumo. Pili, tupa zile nyaya mbili nyembamba zinazokuja navyo, utumie kipande cha kebo yenye suka hadi kwenye jeki. Tatu, funika upande wa kauri kwa tepu ya umeme, kisha juu ya tepu weka utepe wa shaba ulioungwa na shina. Tepu isipokuwepo, shaba itagusa kitovu na sauti itakufa.

Kuna mvumo mwingine wa piezo ambao hauna uhusiano na ngao. Gitaa lisilo na priampu likichomekwa moja kwa moja kwenye mikseri, mlango wa kawaida wa mikseri wenye ukinzani wa omu 10,000 unaimaliza signali. Kapasita ya nanofaradi 1 ikikutana na omu 10,000, kila kitu kilicho chini ya hezi 16,000 hivi kinapungua, yaani karibu gitaa zima. Kwenye megaomu 1 mpaka huo hushuka hadi karibu hezi 160, na kwenye megaomu 10 hadi 16, ambayo ni chini ya noti yoyote ya gitaa. Fundi mitambo asiyejua hili anasikia sauti nyembamba na dhaifu, anapandisha geini hadi mwisho, na mvumo mdogo uliokuwapo unapanda nayo. Hapo hakuna kilichokatika. Kinachohitajika ni priampu, au kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya gitaa na mikseri, chenye mlango wa megaomu 1 au zaidi.

Jeki, mahali panapoharibika kwanza

Kwenye magitaa mengi haya jeki imewekwa mkiani, pale mkanda unapofungwa, na nati yake hulegea kila unapochomeka na kuchomoa. Ikilegea, jeki nzima huzunguka ndani ya gitaa, nyaya zinajisokota, na ule wa ethi ndio mara nyingi unaoachia. Matokeo yake ni ngurumo kubwa na sauti ya gitaa hafifu nyuma yake, au kimya kinachokuja na kuondoka. Kabla ya kukaza nati, shika jeki kwa ndani kupitia tundu la sauti ili isizunguke.

Jeki hiyo ina sehemu tatu, si mbili: ncha, pete na shina. Pete ni swichi ya betri. Hasi ya betri imeungwa na pete, na unapochomeka plagi ya kawaida yenye ncha na shina tu, shina lake ndefu linaigusa pete na shina la jeki kwa pamoja, na priampu inawaka. Ndiyo maana betri huendelea kuisha ukiacha kebo imechomekwa, na ndiyo maana kebo ya stereo, ambayo plagi yake ina pete yake yenyewe, inaweza kuliacha gitaa zima likiwa limezimwa.

Muundo huo unakupa kipimo kizuri ambacho hakihitaji kufungua kitu. Toa betri. Chomeka kebo kwenye gitaa, upande wa pili ukiwa huru. Kwenye kipimo cha omu, weka ncha moja ya mita kwenye kile kichuma cha kisanduku cha betri kinachoshika hasi, na nyingine kwenye shina la plagi iliyo huru. Isome karibu na sifuri. Ikisoma namba kubwa au ikirukaruka unapotikisa plagi, umepata ugonjwa: lehemu iliyopasuka, waya uliochomoka, au mguso wa jeki uliopoteza mkazo. Kulehemu upya waya mmoja ni kazi ndogo, ila tumia chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba na uweke kitambaa juu ya mbao.

Mzunguko wa ethi

Kama gitaa linatulia kwenye amplifaya peke yake, kisha linaanza kuvuma dakika ile ile amplifaya inapounganishwa na mikseri, acha kulisumbua gitaa. Huo ni mzunguko wa ethi.

Amplifaya yako imechomekwa kwenye soketi ya jukwaani, mikseri kwenye soketi ya nyuma ya ukumbi. Kila moja ina ethi yake ya uhai, kama inavyotakiwa. Kisha unawekwa waya wa sauti kati yao, na suka la waya huo linaunga ethi mbili ambazo tayari zimeungwa ukutani. Njia imekuwa duara. Nyaya za umeme na transfoma zilizo karibu husukuma mkondo mdogo kuzunguka duara hilo, na mkondo unaopita kwenye suka hujigeuza volti. Hesabu yake ni nyepesi: miliampea 10 kwenye suka lenye omu 0.1 ni milivolti 1. Signali ya gitaa ikiwa milivolti 100, mvumo ni sehemu moja ya mia yake, na katikati ya wimbo wa polepole kila aliyeketi atausikia.

Tiba ya kwanza haina gharama: lisha amplifaya, mikseri na vyombo vingine kutoka soketi moja au safu moja ya soketi, kama uwezo wake unaruhusu, ili duara liwe dogo. Tiba ya pili ni kisanduku cha DI chenye transfoma. Signali huvuka transfoma kwa sumaku bila waya kugusana, na swichi ya kuinua ethi iliyo ubavuni hukata suka la upande mmoja tu. Duara linafunguka. Angalia vizuri kilichokatwa hapo: ni ethi ya sauti, ndani ya waya wa sauti. Amplifaya bado ina ethi yake ya uhai, mikseri bado ina yake. Kisanduku kinafanya kile ambacho yule aliyevunja pini ya plagi alikitaka, bila kumweka mtu hatarini. Bendi au kanisa lenye fedha ya kununua kifaa kimoja tu mwaka huu linunue hiki.

Laptop, jenereta na taa

Laptop ya kupigia midundo ni chanzo kipya na cha kawaida sana. Chaja yenye pini mbili haina ethi, lakini ndani yake kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele zinazounga kidogo upande wa ukutani na upande wa kutoa. Kwa sababu hiyo bati la laptop huelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, yaani 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo mno, ndio ule msisimko unaousikia ukipitisha kidole juu ya bati. Ukiunganisha laptop hiyo na mikseri, mkondo huo unatafuta ardhi kupitia waya wa sauti. Chomoa chaja, mvumo ukikata papo hapo, umeshajua. Piga kwa betri, au tafuta chaja ya pini tatu iliyo sahihi, au pitisha sauti ya laptop kwenye DI yenye transfoma. Adapta za pedali za kubadili sauti ya gitaa nazo zijaribiwe hivyohivyo, kwa kuweka betri kwenye pedali.

Jenereta ndogo za harusi za nje mara nyingi hufika bila fimbo ya ethi, na ekstensheni ndefu zikafanya mengine. Inveta za sola za bei nafuu, ambazo umeme wake una umbo la ngazi badala ya wimbi laini, huleta mvumo mkali wenye miba hata kwenye gitaa zima. Swichi za kupunguza mwanga wa taa nazo hukata umeme vipande na kutoa mlio wa aina hiyo; weka taa kwenye mwanga kamili au zima kabisa, usikie tofauti.

Nyuzi, na mpangilio wa kufanya mambo

Kwenye gitaa la umeme, daraja ni la chuma na limeungwa na ethi ya sauti, hivyo mpigaji anaposhika nyuzi mwili wake unakuwa sifuri na mvumo unapungua. Gitaa kavu halina hilo. Nyuzi zake zimelala juu ya mfupa, zimebanwa na pini za plastiki au mbao, hazijaungwa na chochote. Kwa hiyo kushika nyuzi na kuona mvumo haubadiliki si dalili ya ubovu. Ila ukigusa chuma cha jeki na mvumo ukashuka, mwili wako ndio uliokuwa ukiuleta, na ngao ya pikapu haitoshi. Ukigusa na mvumo ukapanda, shuku ethi ya jeki iliyokatika au ncha na shina zilizogeuzwa.

Kwa gitaa linalopungua mvumo ukigusa jeki, ipo njia wanayoitumia mafundi: utepe mwembamba wa shaba hubandikwa ndani chini ya daraja, pale vichwa vya nyuzi vinapokalia, na waya mmoja kutoka hapo hulehemiwa kwenye shina la jeki. Nyuzi zote zinakuwa sifuri, na mkono ukiwa juu yake mwili nao unatulia. Inasaidia sana kwa nyuzi za chuma. Nailoni haipitishi umeme, hivyo kwa nyuzi hizo haina faida kubwa.

Lakini kazi hiyo inakuunga wewe moja kwa moja na bati la amplifaya muda wote unaopiga, kwa hiyo umeme wa unapopigia lazima uwe umepimwa. Hata bila utepe huo, fanya hivi unapojaribu mitambo, kabla ya kugusa kitu. Weka mita kwenye volti za umeme wa ukutani, kipimo cha juu. Shika vishikio vya plastiki tu. Ncha moja kwenye shina la plagi ya gitaa iliyochomekwa kwenye amplifaya iliyowashwa, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Chini ya volti moja, endelea. Ikisoma makumi au mia, inaweza kuwa ni uvujaji mdogo wa chaja au ni waya wa moto uliogusa bati. Mita haitakuambia ni kipi, kwa hiyo usivishike vyote viwili. Zima, chomoa kimoja kimoja hadi namba ishuke, na kama inabaki juu vyombo vyote vikiwa na plagi na ekstensheni nzima, tatizo liko kwenye soketi za ukumbi. Hapo aitwe fundi umeme mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na gitaa lipigwe bila umeme hadi amalize.